Masasi na Newala: Miji ya Watu Waliotafuta Kwao

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya miji miwili ya kusini, Masasi na Newala, iliyo katika nchi ya baina ya mto Lukuledi na mto Ruvuma. Si miji mikubwa. Haina magofu ya mawe kama Kilwa, wala haikutajwa na wasafiri Waarabu wa zamani. Mgeni apitaye huko huona milima ya mawe, mikorosho, soko, msikiti na kanisa, kisha hushika njia yake. Walakini kila mji una habari zake, na habari za miji hii zinamfaa kila mtu aliyepata kuulizwa katika maisha yake swali hili fupi: Wewe, kwenu wapi?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, maana asiyeijua nchi hatayafahamu mambo ya wenyeji wake. Masasi ipo katika nchi tambarare, na katika tambarare hiyo imesimama milima ya mawe matupu, mmoja hapa na mmoja kule, kana kwamba iliangushwa kutoka juu. Mmojawapo unaitwa Mtandi. Maji ya mvua hutiririka juu ya mawe hayo na kuzama chini, na kwa hiyo penye milima ndipo penye ardhi njema na visima.

Newala haifanani na Masasi. Ukitoka Masasi na kuelekea kusini-mashariki utafika penye ukuta mrefu wa ardhi, nao ndio ukingo wa nyanda za juu za Wamakonde. Newala imejengwa karibu na ukingo huo, juu ya futi 2,000 kutoka usawa wa bahari. Pana mahali hapo paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi imekatika ghafula, na mtu akisimama hapo huliona bonde lote la Ruvuma chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Huko juu hewa ni ya baridi na udongo ni wa mchanga, lakini hapana mto hata mmoja. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji yote, nayo hutokea mbali chini, penye miguu ya ukingo.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: Ni nani aliyechagua kukaa mahali pasipo maji? Wamakonde wenyewe wana jibu katika hadithi ya mwanzo wao, ambayo wazee wa huko walimsimulia mtaalamu Mdachi, Karl Weule, alipokaa Newala mwaka 1906. Wazee walisema kwamba zamani palikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, hajui kuoga wala kunyoa. Siku moja alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha kwake, na usiku ule sanamu ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka pamoja mpaka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto, lakini mtoto alikuwa maiti. Wakahama wakaenda bonde la Mbemkuru upande wa kaskazini, na mtoto wa pili naye akazaliwa maiti. Ndipo waliporudi juu, karibu na Mahuta, wakapata mtoto wa tatu, naye akaishi, na wengine wakamfuata. Baba huyo akawausia wanawe: Msikae mabondeni karibu na maji makubwa, kwani huko ndiko kwenye maradhi na mauti.

Wengine watacheka wakisema kuwa ni ngano tu. Tusicheke upesi. Kila aliyekaa mabondeni kule anajua habari za mbu na homa, na kila aliyesoma tarikh anajua kwamba njia za wavamizi na za misafara zilifuata mito. Hadithi ile imefungasha busara ya watu walioona mengi. Tena haishangazi kwamba kabila linalosema kuwa mama yao wa kwanza alitoka katika mti uliochongwa limekuwa mashuhuri duniani kwa uchongaji.

Basi Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka kusini, wakapanda juu, wakajificha katika vichaka. Hawakuwa na mfalme. Kila sehemu ya nchi iliitwa chirambo, na mkubwa wake aliitwa mkulungwa, yaani yule aliyetangulia kufyeka pori mahali hapo, au mrithi wake kwa upande wa mama. Kichaka kilikuwa ndicho boma lao, kwa sababu mtu hapenyi ila kwa njia nyembamba, na njia hizo ni mwenyeji tu azijuaye. Bei ya salama hiyo ilikuwa maji. Wanawake walishuka ukingo na kupanda tena na mitungi yao kichwani, safari ya saa nyingi, mwaka hata mwaka.

Wala msidhani kwamba ni watu wa Afrika tu waliofanya hivyo. Kusini mwa Ufaransa kuna mji mdogo uitwao Cordes. Ulijengwa mwaka 1222 kwa amri ya Raymond wa Saba, mtawala wa Toulouse, wakati ule nchi yake ilipokuwa ikiharibiwa na vita vya dini, na watu wengi wamepoteza makao yao. Waliujenga juu ya kilima kirefu wapate usalama, wakauzungushia kuta. Nao pia walikosa maji, wakachimba katikati ya soko lao kisima chenye kina cha zaidi ya futi 300. Siku hizi wageni huenda Cordes kuutazama mji wa kale, nao huona uzuri wa mawe yake. Lakini mwanzo wa mji ule haukuwa uzuri, ulikuwa hofu. Watu walitafuta mahali ambapo watoto wao wataweza kulala usingizi. Mtu wa Newala angeielewa habari hiyo bila mkalimani.

Sasa tueleze hofu ya kusini ilitoka wapi. Katika karne ya kumi na tisa mambo mawili yaliivuruga nchi hii. La kwanza ni Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na mwisho wakatawala upande wa Songea. Watu wa Ruvuma waliwaita Magwangwara, na jina hilo likitajwa, vijiji vilihamwa. La pili ni biashara ya watumwa. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikaenda Kilwa, Lindi na Mikindani, nayo ilipita katika nchi hizi. Wayao walikuwa wachuuzi hodari, na baadhi ya wakubwa wao waliuza watu. Wayao wengine nao waliuzwa. Wamakua, Wamakonde na Wanyasa waliuzwa vilevile. Tarikh haipendelei kabila, nasi tusiipambe.

Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Walakini soko likifungwa, waliokwisha kuuzwa hawapati kwao kwa siku moja. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo waliletwa Unguja. Wengine waliwekwa Mbweni, katika shamba la wamisionari wa Kiingereza wa chama kilichojulikana kwa Kiingereza kwa herufi U.M.C.A. Wengi wao walikuwa vijana. Walikuwa huru sasa, lakini huru wa namna gani? Katika makabila ya kusini mtu huhesabiwa kwa mama yake. Shamba, jina na urithi hupitia kwa mjomba. Aliyeibwa utotoni hamjui mjomba wake, na asiye na mjomba hana wa kumsemea barazani, hana wa kumwoza, wala hana wa kumzika. Minyororo ilikwisha kukatwa, lakini na ukoo nao ulikwisha kukatwa zamani.

Askofu wa wamisionari hao alikuwa Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya Kiswahili na kujenga kanisa kuu mahali pa soko la watumwa la Unguja. Alikata shauri kwamba watu hawa warudishwe bara, karibu na nchi walikotoka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1876 aliondoka Unguja pamoja na wanaume na wanawake zaidi ya 50 waliokombolewa, akashuka Lindi, akashika njia ya bara. Nia ilikuwa kusonga mbele kuelekea nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi waliona maji, ardhi nzuri, na milima ya kukimbilia, nao hawakuendelea. Wakafyeka pori, wakajenga nyumba, wakapanda mtama. Steere alirudi Unguja, akamwacha kijana William Percival Johnson, na mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples. Huo ndio mwanzo wa mji wa Masasi.

Wamakua na Wayao walikuwapo katika nchi hiyo kabla yao, na hatuna budi kulikumbuka jambo hili. Wageni hawa hawakuwa na ukoo mmoja, wala lugha moja, wala mkubwa mmoja wa kimila. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili walichojifunza Unguja. Wenyeji waliwatazama kwa mashaka: Je, watu wasio na ukoo ni watu gani? Fikirini, wasikizaji, ugumu wa kujenga kijiji ambacho hakuna ndani yake mzee anayekumbuka kaburi la babu yake.

Hawakupewa muda mrefu. Mwezi wa Agosti mwaka 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata Magwangwara waliushambulia mji wa Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Angalieni msiba huu: mtu aliyekamatwa mtoto, akauzwa, akatolewa katika jahazi, akafundishwa, akarudishwa bara, akajenga nyumba yake ya kwanza, anakamatwa tena mara ya pili. Baadhi yao walikombolewa baadaye, wengine hawakuonekana tena.

Waliosalia walitazama juu, kule kwenye ukingo. Huko Newala alikaa mkubwa wa Wayao aitwaye Matola. Matola alikuwa mtu mwenye akili, na watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamekusanyika kwake kwa ajili ya ulinzi. Aliwakaribisha. Maples akahamia huko pamoja na watu wengi wa Masasi, na kituo kikawekwa Newala mwaka 1883. Miaka michache baadaye, hofu ilipopungua, wengine walirudi Masasi wakaanza upya. Tangu wakati huo miji hii miwili imekuwa kama ndugu, mmoja chini na mmoja juu: wa chini ukipatwa na vita, wa juu hupokea, wa juu ukipungukiwa na maji, wa chini hupokea.

Yuko mtu mmoja katika siku zile ambaye yafaa kila mwanafunzi ajue jina lake. Aliitwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, naye alikamatwa mtoto akauzwa, akakombolewa, akasoma Kiungani huko Unguja, na baadaye Canterbury katika Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa mkubwa wa Wayao aitwaye Nakaam, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa chama chake kupata daraja hiyo. Alikaa Chitangali mpaka 1897, akafundisha, akajenga, akaheshimiwa, na Nakaam mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Yapimeni mambo haya kwa desturi za wakati ule. Mtoto aliyetolewa katika nchi ya Wayao kama bidhaa alirudi kwa Wayao kama mwalimu, na mkubwa wa nchi akaketi kumsikiliza. Mtu asiyekuwa na mjomba amekuwa mwenye kusema barazani.

Mwaka 1890 nguvu mpya ilikuwa imekwisha kuingia kusini, yaani Wadachi. Si kila mtu aliyeinama. Juu ya nyanda za Wamakonde, mahali paitwapo Luagala, alikaa Myao mwingine, jina lake Machemba. Mkuu wa Wadachi, von Wissmann, alipomwita aende kwake, Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili, akakataa kuwa chini yake, akasema kwamba yeye ni sultani katika nchi yake. Aliwasumbua Wadachi kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1899 aliposhindwa akavuka kwenda Msumbiji. Matola alichagua njia ya amani, naye alikufa mwaka 1895. Mrithi wake, Matola wa Pili, alishuka chini akakaa Chingulungulu. Msomaji asiwe mwepesi wa kumwita huyu shujaa na yule mwoga. Kila mmoja alikuwa akipima namna ya kuwaokoa watu wake.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilizuka katika Umatumbi, vikashuka kusini kama moto wa nyika. Mwishoni mwa Agosti mji wa misioni wa Masasi ulichomwa moto mara ya pili, na vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao vilishambuliwa vilevile. Barnaba Nakaam, aliyekuwa akikaa Chiwata, alikataa maji, akasimama upande wa Wadachi. Wengine walikuwa na sababu zao za kupigana: kodi, kazi ya kulazimishwa, na fimbo ya akida. Baada ya vita ilikuja njaa, kwa maana Wadachi walichoma vyakula na mashamba, na njaa haikuuliza nani aliyekunywa maji na nani aliyekataa. Na Masasi? Masasi ilijengwa tena. Wabenediktini nao walijenga kituo Ndanda mwaka 1906, ambacho baadaye kilikuwa abasia yenye hospitali na shule, na sifa zake zimeenea kusini kote.

Miaka kumi ikapita ikaja Vita Kuu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1916 Wareno, waliokuwa wamevuka Ruvuma, waliingia Newala; kabla mwaka haujaisha Wadachi walikuwa wamewatoa. Mwaka 1917 majeshi yote mawili yalifika kusini. Mwezi wa Oktoba yalipigana vita vikali Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi. Mwezi wa Novemba Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita katika nyanda za Wamakonde akavuka Ruvuma, na kikosi chake kingine, chini ya Tafel, kikasalimu amri kusini. Watu wa nchi ile walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula chao kikaliwa na askari wa pande zote. Miaka miwili baada ya Wareno kuingia Newala ikaja homa kuu iliyoenea dunia nzima. Wazee walihesabu miaka kwa misiba hiyo.

Hapo ndipo tufikapo kwenye jambo kubwa la mazungumzo yetu. Mji uliochomwa mara mbili na kupitiwa na majeshi, uliweza vipi kuendelea kuwa mji? Hauna kuta. Hauna ngome. Watu wake walikuwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera na wana wa waliokombolewa, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mizimu. Ni kamba gani iliyowafunga pamoja?

Jibu moja ni jando na unyago. Katika nchi hizi, baada ya mavuno, wavulana wa rika moja hupelekwa porini katika makambi. Ngariba huwatahiri, na walimu wao huwafundisha heshima, uvumilivu, nyimbo, mafumbo na siri za utu uzima. Wakitoka, hupakwa mafuta, huvikwa nguo mpya, hupewa majina mapya. Jina la utoto hufa. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumtukana. Kwa Wamakonde, siku za furaha hiyo huchezwa midimu, yaani wachezaji waliovaa sura za mti na kujifunika mwili wote, na watoto na wanawake hukimbia kwa hofu na kicheko. Wasichana wana unyago wao, ambao umo mikononi mwa wanawake wenyewe, na makungwi ndio wenye amri.

Basi waliokaa jando pamoja ni ndugu. Hakuna aulizaye tena baba wa huyu alinunuliwa wapi. Mwana wa aliyekombolewa akilala kambi moja na mpwa wa mkubwa wa nchi, akaimba wimbo ule ule na kuvumilia kisu kile kile, amekwisha kupata kwao. Kwa hiyo wana wa waliokombolewa waliitaka sana desturi hii, hata wamisionari wa kwanza walipoichukia na kuikataza. Waliona kwamba mvulana asiyepita jandoni atabaki mtoto machoni pa watu, hata akiwa na mvi.

Ubishi huo ulidumu miaka mingi, na ulikuwa ubishi wa kweli, wala si mchezo. Jando la zamani lilianza kwa unga uliowekwa chini ya mti uitwao msolo, kwa kuwaomba wazee waliokufa, na Kanisa halikuweza kulikubali jambo hilo. Lakini mapadre Waafrika waliozaliwa katika nchi hiyo, kama Kolumba Msigala, ambaye aliandika kumbukumbu zake, walijua thamani ya jando kutoka ndani. Na William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu dayosisi ilipoundwa mwaka 1926 mpaka 1944, alikubali kufanya jando la Kikristo. Kambi, ngariba, rika, mafundisho na jina jipya vilibaki. Sala zikashika mahali pa maombi ya msolo. Na mambo yaliyoonekana kuwa ya aibu yakaondolewa. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana hakuna padre wala askofu aliyeweza kuingia katika nyumba ya makungwi. Waislamu nao walikuwa na jando lao, chini ya walimu wao, kwa dua. Wapo waliosema kwamba Lucas aliharibu desturi kwa kuitia ukanisa, na wapo waliosema kwamba aliliharibu Kanisa kwa kulitia desturi. Wanafunzi wanaweza kubishana juu ya jambo hilo mpaka kesho. Lakini watu wa Masasi walipata walichokitaka: mtu aliweza kuwa Mkristo bila kuwa mgeni kwao.

Kamba ya pili ni utani. Makabila ya kusini yana desturi ya kutaniana, na wazee husema kwamba utani mwingi ni mtoto wa vita: waliopigana, wakachoka, wakapatana, wakabadili mikuki kwa maneno ya kuchokozana. Siku ya msiba mtani huja, akatukana, akachekesha, akazuia jeneza mpaka apewe kitu, na tena ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Mgoni na mtu wa Ruvuma hukutana leo wakatupiana maneno juu ya nani alimkimbiza nani, kisha wakala sahani moja. Yale yaliyokuwa majivu mwaka 1882 yamekuwa kicheko. Ni wachache duniani waliowahi kupata ushindi mkubwa kama huo.

Sasa tuseme kwa ufupi mambo ya siku za karibu. Dhiki ya maji ya Newala ilianza kupunguzwa katika miaka ya 1950, mashine zilipowekwa chini ya ukingo kuyapandisha maji juu kwa mabomba, ingawa mabomba hayakumaliza kiu yote. Mkorosho ukawa mti wa mali, na katika mwaka wa 1973 na 1974 nchi nzima ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Miaka ile ile watu wengi walihamishwa kutoka makao yao wakawekwa katika vijiji vya pamoja, mbali na mikorosho yao. Mashamba yakaota pori, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu wa nchi hii walijua tangu zamani maana ya kuhama, na baadaye waliirudia mikorosho yao kama walivyozirudia nyumba zao. Na kutoka Lupaso, kijiji cha Masasi, alitoka Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938, akawa Rais wa tatu wa Tanzania tangu 1995 mpaka 2005. Alipofariki mwaka 2020 alirudishwa akazikwa Lupaso, katika udongo wa kwao.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Watu wa Masasi waliusoma msemo huo kutoka upande wa pili: walikuwa wamefanywa watumwa, nao waliposhika mila, na kuitengeneza upya mahali ilipohitaji kutengenezwa, wakawa wenyeji. Mji si mawe, kwa kuwa mawe ya Mtandi yalikuwapo tangu zamani na hayakuwa mji. Mji ni watu waliokubaliana kurudi mahali pamoja baada ya moto, na kuitana ndugu bila kuulizana sana.

Ninyi mnaosoma shuleni, fanyeni kazi moja. Waendeeni bibi na babu kabla hawajaondoka, mkawaulize: Tulikuja hapa lini? Tulitoka wapi? Nani alitupokea? Yaandikeni majibu, hata kama ndani yake limo jina la mtu aliyeuzwa, au la mtu aliyeuza. Aibu si yenu. Iliyo yenu ni ile nyumba iliyojengwa baada yake.